Kamba Haijui Mkwe

Mwenyekiti wa kijiji alinikuta nyuma ya darasa nikihesabu majembe ya shule, akaniomba niwafundishe akina mama wa bondeni kuvuta kamba. Nilipaswa kukataa. Nilikuwa na sababu nzuri ya kukataa, na sababu hiyo iliishi kilimani kwa wazazi wake, na kijiji kizima kiliijua. Badala yake nilimuuliza kamba yenyewe ina unene gani.

Kwenye ramani ya wilaya kijiji chetu kilikuwa kimoja. Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, watu wa vitongoji viwili walitolewa walikokuwa, wakaletwa kando ya barabara iendayo Sumbawanga, wakaambiwa wajenge kwa mstari. Walijenga kwa mstari. Waliotoka mgongoni mwa kilima wakachukua ncha ya juu, waliotoka kwenye bonde la majimaji wakachukua ncha ya chini, na katikati wakaacha uwanja wa mpira, mpana kuliko mpira wowote ulivyohitaji. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba ya mwalimu ilikuwa ncha ya chini. Hiyo ndiyo iliyonifanya mtu wa bondeni. Kwa kuzaliwa nilikuwa mtu wa Kaoze, chini kabisa ya ukingo wa nyanda hizi za juu, kwenye joto, na baridi ya huku juu ilikuwa bado haijanizoea.

Kilichogombanisha ncha hizo mbili kilikuwa mashine ya kusaga. Ililetwa na lori, ikashushwa nyumbani kwa mwenyekiti, ikafunikwa turubai. Kila mtu aliifurahia mpaka lilipoulizwa swali la wapi ifungwe. Ikifungwa juu, mama wa bondeni atapanda na debe la mahindi kichwani. Ikifungwa chini, mama wa kilimani atapanda na debe la unga, na mahindi hayapungui uzito kwa kusagwa. Halmashauri ya kijiji ilikaa, ikakaa tena. Mmoja alipendekeza ifungwe katikati, uwanjani. Vijana wa mpira walikataa, na wazee wa ncha zote mbili nao walikataa, kwa sababu katikati hapamfaidishi mtu. Kuku wa mwenyekiti wakaanza kutaga chini ya turubai.

Ndipo mwenyekiti, mwishoni mwa kikao kirefu, akasema kwamba wabebaji wa madebe ni akina mama, basi akina mama wenyewe wavute kamba siku ya Sabasaba, na ncha itakayoshinda ipewe mashine. Watu walicheka. Kesho yake hakuna aliyecheka, maana akina mama wa kilimani walionekana uwanjani wakifanya mazoezi.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa bondeni. Aliniambia, "Wewe ndiye uliyesomea mambo ya nguvu."

Ni kweli nilifika kidato cha nne na nilisoma fizikia. Tangu nimalize, hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza jambo lolote la fizikia. Watoto niliwafundisha kuzidisha, watu wazima niliwafundisha kusoma, na jioni nilifundisha mbuzi wa jirani wasile bustani ya shule. Mtu aliyebeba kitu miaka kadhaa bila kuulizwa anacho nini, siku akiulizwa anakimwaga chote. Nilikubali kabla mwenyekiti hajamaliza kuomba.

Sasa niseme habari za kilimani. Kulikuwa na binti ambaye nilikuwa nimempeleka mshenga kwao, na mshenga alikuwa amerudi na majibu mazuri. Alinisaidia kwenye darasa la watu wazima. Akina mama waliona haya kusoma kwa sauti mbele yangu, hivyo yeye alisoma kwanza, polepole, akikosea kwa makusudi ili wapate wa kusahihisha. Aliona ninavyotetemeka asubuhi akanifumia sweta la rangi ya ugoro, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Aliponikabidhi alisema mkono ule mrefu ni wa kuandikia ubaoni. Nilikuwa nimeshalima shamba la baba yake msimu mmoja, kama ilivyo desturi, nikifukia nyasi na kuinua ntumba, yale matuta ya mviringo ya kwetu, mpaka mgongo ukanikatika. Parokiani tangazo la ndoa yetu lilikuwa limesomwa mara mbili. Lilibaki moja.

Na kulikuwa na mama yake. Kwetu mwanamume na mama wa mchumba wake hawatazamani. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia kwenye nyasi, unampa mgongo, unapiga makofi ya heshima taratibu mpaka apite. Huli mbele yake. Humtaji jina. Akidondosha kitu huokoti mbele ya macho yake, unamwita mtoto. Kwa zaidi ya mwaka mzima nilimjua mwanamke yule kwa kisogo na kwa sauti ya kandambili zake, na yeye aliniheshimu vivyo hivyo. Alikuwa mwanamke mnene, mrefu, mwenye nguvu. Hilo niliambiwa na wengine.

Mazoezi yetu yalifanyika kwenye shamba lililovunwa, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mpika pombe ya ulezi. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa timu, kwa sababu ya uzito na kwa sababu hakuna aliyethubutu kugombea nafasi naye. Niliwakalisha chini nikaanza na kanuni ya tatu ya mwendo. Nikawaambia kwamba kamba ikishanyooka, upande mmoja unavuta kwa nguvu ileile ambayo upande wa pili unavuta. Haiwezekani huyu avute zaidi na yule avute pungufu; kamba ni moja na mvuto wake ni mmoja.

"Kwa hiyo nguvu ni sawa?" aliuliza mpika pombe.

"Sawasawa."

"Na mwenye kushinda anashindaje?"

"Kwa ardhi. Anayeshinda ni yule anayeisukuma ardhi zaidi kwa miguu bila kuteleza."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia. Twendeni nyumbani. Sabasaba tupeleke ardhi ikavute."

Ilinichukua jioni nzima kuwarudisha kwenye somo. Lakini walikuwa watu wa kazi, na jambo likishafika miguuni walilielewa kuliko mimi. Niliwakataza viatu vya plastiki walivyokuwa wamevitunza kwa sikukuu, kwa sababu mwezi wa saba ardhi ya Ufipa ni vumbi kavu juu ya udongo mgumu, na plastiki huteleza juu yake kama sabuni. Kisigino kitupu kilichopasuka hushika. Niliwafundisha kulala nyuma, miguu imenyooka mbele, ili uzito wa mwili uwashindilie kwenye ardhi na wasiubebe mgongoni. Niliwapanga mabega yafuatane na kamba, maana anayevuta kwa upande anampotezea mwenzake nguvu. Mpika pombe nilimweka mwisho, akaibana kamba kwapani. Alitaka kujifunga nayo kiunoni. Nilimkataza. Nilimwambia aliyejifunga hawezi kuachia, na kuna wakati kuachia ndiyo akili.

Kutoka dirishani kwa darasa niliwaona pia wa kilimani wakifanya mazoezi. Walikuwa wazito kuliko sisi, na wengi zaidi walikuwa wa umri wa nguvu. Kama ingekuwa ni kupima kwa macho, mashine ilikuwa yao. Ila walivuta wakiimba wimbo wa kutwanga. Nao ni wimbo mzuri. Lakini kinuni akina mama wawili au watatu hupokezana: mchi wa huyu ukishuka, wa yule uko juu. Basi na kamba waliivuta hivyohivyo bila kujua. Mmoja akivuta, mwenzake anavuta pumzi. Nguvu yao yote ilikuwepo, lakini haikupata kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mimi niliwapa wangu wimbo wa kulimia ntumba, ambamo majembe yote hupanda pamoja na kushuka pamoja. Jioni ya kwanza walipovuta kwa wimbo ule, waliung'oa mti wa uzio tuliofungia kamba.

Hiyo ingetosha. Nimeipigia hesabu mara nyingi uzeeni, na naamini kwa miguu mitupu na wimbo ule tungeshinda kwa shida, kwa heshima, bila mtu kuanguka.

Lakini asubuhi moja mlango wa darasa uligoma. Ulikuwa na tabia hiyo. Niliushika mpini nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote, na bawaba ikaamua kutii ghafla, nami nikakaa chini mbele ya darasa la nne. Watoto walisimama kuniamkia, kama walivyofundishwa. Nikiwa palepale chini nikaelewa jinsi ya kuwashinda watu wa kilimani. Mtu anayevuta kwa kulala nyuma hasimami kwa miguu yake. Anasimama kwa sababu wewe unamzuia. Ukiacha kumzuia kwa nusu hatua, mwili wake utaendelea na safari uliyokuwa umeianza, maana kitu chenye mwendo hakina habari kwamba mambo yamebadilika.

Siku iliyofuata mchumba wangu alikuja shuleni kuchukua chaki za darasa la watu wazima. Alichukua chaki, hakuondoka.

"Mama wamemweka mwisho wa kamba," alisema. "Amejifunga kiunoni, kama mzigo wa kuni."

Nilisema hapo wamepanga vizuri, kwa sababu mwisho panahitaji mtu mzito. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi. Nilikuwa nimemaliza.

"Siku hiyo uwe mgonjwa," alisema. "Malaria haiulizwi na mtu."

Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri kweli. Nilifikiri kwamba mtu aliyejifunga kamba, wenzake wakiachia, atabaki nayo peke yake. Nikaona ni jambo la kuvutia.

Sabasaba kulikuwa na upepo mkali kutoka mashariki. Vijana walimaliza mpira, watoto wakamaliza mbio za magunia, kisha kamba ikatandazwa na mwenyekiti akachora mstari katikati kwa kijiti. Wa kilimani walikuja wamevaa viatu. Mimi nilivaa sweta langu na nilisimama mstarini na leso mkononi, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba nikiinua leso wangu wasogee nusu hatua mbele kwa pamoja, halafu wachimbe visigino na kuvuta. Wasiojua waliona mwalimu ana mafua.

Walivuta. Kwa muda mrefu hakuna kilichosogea, ila mishipa ya shingo. Wa kilimani waliteleza kidogo kwa viatu vyao, wakapata mahali pa kushika, wakaanza kutuvuta. Uzito wao ulikuwa wa kweli. Mpika pombe alilima mifereji miwili kwa visigino. Upande wa kilimani walipaza wimbo, na mama mmoja akatuuliza kwa sauti kama mahindi yetu tutapanda nayo mgongoni au kichwani. Niliwatazama wamelala nyuma, wote, miili imenyooka kama miti iliyokatwa ambayo bado haijajua. Nikainua leso.

Walianguka kuanzia mbele kwenda nyuma. Wa mbele waliachia kamba mara moja, kama mtu yeyote angefanya, wakatawanyika wakicheka na kulaani. Wangu tayari walikuwa wamechimba visigino na wimbo wa jembe umeshika, na kamba ikaja kwa kasi ambayo sikuitarajia, kwa sababu mwisho wake alibaki mtu mmoja tu. Alikuwa ameanguka chali. Alijaribu kufungua fundo, na fundo linalovutwa halifunguki. Kamba ilimburuta uwanja mzima juu ya vumbi, kitenge kikipanda na yeye akikishika kwa mkono mmoja, kandambili moja huku na nyingine kule, mpaka akapita mstari na kamba ikasimama, ndipo wangu walipotambua ni nani wakaacha kuimba.

Alikomea miguuni pangu. Mkwe aliyelelewa vizuri angekuwa amegeuka tangu mwanzo. Tangu mguu wake wa kwanza ulipoteleza angewapa mgongo watu wote na kupiga makofi. Mimi sikugeuka. Nilikuwa natazama kama itafanya kazi. Niliuona uso wa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza, una vumbi mpaka kwenye kope, na yeye akaniona ninavyomtazama.

Nikamwambia mpika pombe, kwa sauti ambayo watu walisikia, "Umeona? Hakuna aliyemvuta zaidi."

Mwenyekiti, aliyekuwa bado akipiga makofi, aliacha.

Jambo lenyewe lilikuwa na dawa, na dawa yake ilijulikana. Nilete mbuzi na mtungi wa pombe, nikae chini nje ya mlango, nipige makofi ya kuomba radhi, ninyamaze. Baba mkwe aninyamazie kwa muda unaostahili, kisha aseme yamekwisha. Mchumba wangu alikuja mwenyewe kunieleza, mchana, mbele ya darasa la tatu waliokuwa wakilima bustani, bila kujali nani anatuona.

"Mama hana kinyongo sana," alisema. "Anasema kamba haijui mkwe. Kilichomuuma ni macho. Wewe lete mbuzi, piga makofi, usieleze chochote. Umenisikia? Usieleze."

Nilimwahidi. Mbuzi nilimpata kwa mpika pombe, ambaye alikuwa na furaha ya mashine na hakunibana kwa bei. Pombe pia alitoa yeye. Nilifika kilimani nikiwa na mshenga wangu, nikakaa chini, nikapiga makofi. Baba mkwe alikuwa mzee mpole, katekista wa kigango, mtu wa kupima maneno. Alininyamazia kama ilivyotakiwa. Nyuma ya ukuta nilisikia watu wamekaa bila kusema, na nilijua ni akina nani.

Kisha aliniuliza swali moja, nadhani kwa nia ya kunisaidia. "Mwanangu, ulijua kwamba ataanguka?"

Jibu lililotakiwa lilikuwa hapana, baba, nisamehe. Lingekuwa uongo, na angeupokea kama uongo wa heshima, na watu wazima wote waliokuwepo wangeupokea hivyohivyo. Mimi nikasema kwamba kwa kweli nilijua, lakini ifahamike kuwa upande wetu haukumwangusha. Nikaeleza kamba na mvuto wake mmoja. Nikaeleza habari ya mlango wa darasa. Mshenga alinivuta shati mara ya kwanza nilipofika kwenye ardhi, na mara ya pili nilipofika kwenye viatu vya plastiki.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakuniita tena mwanangu.

"Mwalimu," alisema, "unataka kuniambia kwamba mke wangu alijiangusha mwenyewe?"

Nilifikiri kwa uaminifu.

"Kwa upande wa nguvu, baba, ndiyo. Sisi tuliacha tu kumzuia."

Nyuma ya ukuta mtu aliinuka akatoka kwa mlango wa uani. Nilizijua hatua zake.

Mzee alimtazama mbuzi kwa muda. "Mbuzi wako amechoka kusimama," alisema. "Mrudishe."

Mtungi wa pombe pia tulirudi nao. Mshenga aliubeba, na tulipofika uwanjani alikaa chini akanywa nusu yake, akanipa nusu. Alisema katika ushenga wake ameshaona posa ikivunjwa na ulevi, na ugomvi, na wizi wa ng'ombe. Hii ya kwangu hakujua atawaelezaje watu.

Jumapili iliyofuata paroko alisoma matangazo ya wengine. Nilimwandama binti yule kwa wiki kadhaa, nikiwatuma watu, nikisubiri kwenye darasa la watu wazima ambako hakuja tena. Nilipomkuta hatimaye njiani, akiwa na mzigo wa majani, alisimama. Hakuwa na hasira. Aliniambia alinipa njia mbili za kutoka, ya malaria na ya kunyamaza, na zote mbili niliziona nikazipita. Alisema nyumba ni kunyamaza kwingi, na hakuona ningeweza. Kisha akaniomba nimtwishe vizuri mzigo wake, nikamtwisha.

Mashine ilifungwa bondeni. Ilisaga vizuri, ilipokuwa na dizeli. Asubuhi moja nilikuwa nikipanda kuelekea barabarani, nikamwona mama yake akishuka na debe la mahindi. Niliingia kwenye nyasi kama nilivyozoea, nikampa mgongo, nikaanza kupiga makofi. Nilisikia kandambili zikisimama.

"Habari za asubuhi, mwalimu," alisema.

Niligeuka. Alikuwa ananitazama usoni, kwa upole, kama anavyomtazama mtu yeyote. Nikajibu nzuri, shikamoo mama. Akasema marahaba, akaendelea kushuka. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba jambo limekwisha.

Binti yake aliolewa Kipili, na fundi wa mitumbwi, mtu ambaye nimeambiwa hasemi sana. Walizaa watoto, na mmoja wao alifika shuleni kwangu kama mwalimu mgeni mwaka wa mwisho kabla sijastaafu. Alinisalimia vizuri na hakujua mimi ni nani. Mimi niliendelea kufundisha. Nilihamishiwa Mwimbi, nikarudi. Watu waliniletea majina ya wanawake wema na sikumpeleka mshenga kwa yeyote. Mwanzoni nilisema bado nasubiri, baadaye sikuulizwa. Mama yake alipofariki nilikwenda msibani nikakaa na watu wa bondeni, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Nilikubali kufundisha kamba kwa kuwa niliulizwa swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Gharama yake ilikuwa mwanamke niliyempenda. Sikuoa, sina mtoto, na ninaishi peke yangu.